Mikono Iliyoivia Kitandani

Siku nilipoweka kipande cha kiazi mahali pa betri ya Lwitiko, nilikuwa na nia njema. Naomba jambo hilo lieleweke mapema. Nilitaka watu wacheke, na kicheko ni dawa. Tena ndiyo dawa pekee ambayo zahanati ya Shule ya Ufundi Ilamboni haijawahi kuishiwa.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, katika karakana ya umeme. Nje ukungu ulikuwa umekaa uwanjani kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani tulikuwa Kidato cha Tatu wote, kila mmoja mbele ya meza yake, mkono wa kulia umevikwa Shemeji.

Kwenye makaratasi ya wizara kifaa hicho kinaitwa Kiongozi cha Stadi za Mkono. Sisi tulimwita Shemeji kwa sababu hukumchagua, anaingia kwako bila kupiga hodi, na kila unalolifanya yeye analijua zaidi. Kwa macho ni soksi tu, inayoanzia kwenye kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani yake zimo nyuzi nyembamba kuliko nywele. Fundi fulani, mahali fulani, aliunganisha nyaya kwa miaka akiwa amevaa soksi kama hiyo, na mwendo wa vidole vyake ukahifadhiwa. Ukivaa ya kwako, unashika koleo, unasikia mvuto mdogo kidoleni, unaufuata. Wanasema ni kama mtoto anayefundishwa kutembea kwa kushikwa mkono.

Juu ya kifundo cha mkono kuna taa ndogo. Nyekundu maana yake hujui kitu. Njano, umeanza kujua. Kijani, mkono umeiva: vua Shemeji, mpe mwingine, nenda kazini na vidole vyako mwenyewe. Na Shemeji ana adabu moja: husaidia pale tu mkono uliposhindwa. Mkono ulioiva haufanyii chochote. Mkono mbichi anaufanyia kila kitu. Ukitazama kwa nje, hakuna tofauti.

Bwenini kwetu, wavulana, taa zilikuwa za kijani kama shamba la njegere. Tulikuwa wa kwanza katika kanda nzima. Walimu wa shule nyingine waliletwa kutuangalia, wakanyweshwa chai, wakaondoka wakitikisa vichwa kwa mshangao.

"Anzeni," akasema Mwalimu Ngogo.

Mikono yote ikaanza. Mkono wa Lwitiko Mahenge, anayelala kitanda cha juu yangu na ambaye taa yake ilikuwa ya kijani tangu Juni, ulishika koleo ukabaki hapohapo. Lwitiko ni mtu mkubwa, mpole, asiye na haraka. Akautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mbuzi aliyekataa kuvuka daraja.

"Mwalimu," akasema, "mkono wangu umegoma."

"Una madai gani?"

"Haujasema, Mwalimu."

Hapo nikasimama. Nikamwendea kwa hatua za taratibu, nikafungua kifuniko kidogo kwenye Shemeji wake, nikatoa kiazi, nikakiinua juu ili umma ukione. Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu Ngogo mwenyewe alicheka hadi akavua miwani.

"Gidion Mbilinyi," akasema akiifuta, "ndiyo maana wanakuita Askofu. Utafagia karakana hii mpaka ustaafu."

Nikafagia. Na mtu anayefagia peke yake hupatwa na mawazo, jambo ambalo nadhani walimu hawajaligundua, la sivyo wangetafuta adhabu nyingine.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Taa ya Lwitiko ni ya kijani. Mkono wake umeiva. Mkono ulioiva unahitaji betri ya nini?

Nikaegemeza ufagio. Taa yangu nayo ilikuwa ya kijani. Nikamvua Shemeji, nikamlaza mezani, nikachukua kipande cha waya na koleo, nikauambia mkono wangu uumenye waya ule, kazi niliyokuwa nimeifanya mara nyingi kuliko nilivyosali.

Vidole vilishika koleo kinyume. Nikaligeuza. Nikabana. Ganda la waya halikutoka. Nikabana zaidi, waya ukakatika. Nikachukua mwingine. Ukakatika. Nilisubiri ule mvuto mdogo. Haukuja, kwa sababu mwenye nao alikuwa amelala mezani, taa yake imezima, mtulivu kama marehemu.

*

Mtu asiyewahi kulala Ilamboni hawezi kuelewa kosa letu, kwa hiyo nitaeleza kuhusu baridi.

Mwezi wa saba, maji ya ndoo hufunga ngozi asubuhi, unayavunja kwa kikombe. Blanketi za shule ni mbili, na zote mbili zinaona jua la upande wa pili. Shemeji, kwa upande wake, ana joto. Aliwekewa kwa makusudi, ili misuli isikakamae wakati wa kazi. Sijui nani alikuwa wa kwanza kulala naye. Mtu huyo alikuwa na akili, na anapaswa kukumbukwa katika sala. Ndani ya wiki chache bweni zima lilikuwa linalala naye, mkono umewekwa kifuani chini ya blanketi, na kwa mara ya kwanza tukawa tunaota ndoto zisizohusu moto.

Sasa, Shemeji anahesabu uivaji kwa jinsi ngozi inavyokaa na joto na jinsi vidole vinavyocheza. Waliomtengeneza ni watu wa Dar es Salaam, mji ambao mtu akikutwa amevaa soksi ya mkono kitandani atapelekwa hospitali. Haikuwajia kichwani. Na vidole vya mtu aliyelala vinacheza sana. Vya Lwitiko vinamega ugali hadi alfajiri. Vyangu, nimeambiwa, vinapiga kinanda.

Tulikuwa tumeivia kitandani. Bweni zima, kama ndizi zilizofukiwa kwenye majani.

Lingekuwa jambo la kuchekesha, na kweli nilicheka kidogo pale karakanani, nikakoma. Jumatatu ilikuwa inakuja Kampuni ya Upepo wa Nyanda. Ukisimama nyuma ya jiko letu unaiona minara yao kwenye ukingo wa milima, mirefu, myeupe, mabawa yanazunguka polepole. Kila mwaka kampuni ilichukua vijana watatu wa shule yetu waliotajwa na Mkuu wa Shule, ikawafanya mafundi wa juu: kuning'inia kwenye mkanda, mita tisini kutoka ardhini, kuunganisha nyaya zenye moto. Kazi hiyo hupewa mkono wa kijani, na hufanywa bila Shemeji, kwa sababu mawimbi ya mitambo humvuruga.

Watatu wa mwaka huu walikwisha kutangazwa mstarini. Lwitiko Mahenge. Atupele Sanga. Na mimi.

*

Nilimwendea Lwitiko kwanza. Alikuwa kitandani anakula karanga.

"Vua Shemeji uone," nikamwambia. "Hatujui kitu, ndugu yangu. Hata kumenya waya."

Akavua. Akajaribu na kipande nilichomletea. Akautazama waya uliokatika, akautazama mkono, akamvaa tena Shemeji.

"Baridi," akasema.

"Lwitiko, utapanda ule mnara na mkono huo."

"Nitajifunza hukohuko."

"Ukiwa mita tisini juu?"

"Upepo ukinisukuma nitajifunza haraka." Akaniwekea karanga mkononi. "Askofu, mama yangu amekwisha kutangaza kijiji kizima. Wamechinja. Mimi nirudi niwaambie nini? Kwamba nilikuwa nimelala?"

Nikazitafuna karanga, zilikuwa tamu. Nikaenda kwa Mwalimu Ngogo.

Alikuwa nyumbani kwake, anamwagilia kabichi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Safari hii umeweka kiazi wapi?"

Nikamweleza yote: baridi, blanketi, vidole vinavyocheza. Alinisikiliza hadi mwisho, tena kwa makini, akiwa ameinamisha ndoo. Nilipomaliza akatabasamu.

"Hii ni nzuri," akasema. "Hii ni bora kuliko ile ya jogoo wa mahubiri."

"Mwalimu, nasema kweli."

"Mwaka jana ulisema kweli kwamba mkaguzi amefika, nikavaa tai, nikamkuta mbuzi ofisini kwangu. Mbuzi naye alikuwa na tai."

"Nipe waya sasa hivi, bila Shemeji. Nikate mbele yako."

"Nawe utashindwa kukata, vizuri kabisa, kama mwigizaji. Nakujua." Akanipigapiga begani. "Unaogopa kwenda. Si aibu. Hata mimi nilipopangiwa Ilamboni niliogopa. Utazoea, mwanangu."

Hayo ndiyo maisha ya mtu mcheshi. Anajenga jina lake kwa jasho, siku anapotaka kulitumia analikuta limefungwa kwa ndani. Nilielewa kwamba nahitaji mdomo mwingine usemao neno lilelile. Na mdomo mmoja tu shuleni ungeaminiwa bila swali.

*

Nyuma ya karakana kuna mnara wa mazoezi, mfupi, umejengwa kwa mabomba ya chuma, na juu yake kisanduku cha nyaya kinachofanana na vile vya minara ya kweli. Jumamosi jioni Atupele alikuwa amekaa juu yake, miguu inaning'inia, anakula muwa.

"Shuka," nikamwambia.

"Panda."

Nikapanda hadi katikati, nikatosheka.

Atupele Sanga ndiye msichana pekee aliyekuwa na taa ya kijani, na ilikuwa imewaka wiki mbili tu zilizopita. Sababu ni Matroni. Matroni wa bweni la wasichana anaamini kwamba kitu chochote chenye waya kitaunguza nyumba, kwa hiyo kila jioni anakusanya akina Shemeji wote, anawafungia kabatini, na ufunguo anauweka mahali ambapo hakuna atakayethubutu kupekua. Wasichana wakalala na baridi yao. Taa ya Atupele ilikuwa imeiva mezani, saa kwa saa, na sisi tulikuwa tunamcheka kwa kuchelewa.

Nikamweleza. Hakucheka hata nilipofika kwenye ugali wa Lwitiko. Akatema kapi la muwa, akalitazama linavyoanguka.

"Kwa hiyo nyie wote," akasema.

"Wote."

"Na Mwalimu hajakuamini."

"Anasema naigiza. Lakini wewe ukimwambia ataamini. Hujawahi kumdanganya mtu."

"Umesoma masharti ya kampuni, Askofu?"

Sikuwa nimeyasoma. Mtu anayesoma masharti hana nafasi ya kutafuta mbuzi.

"Yamebandikwa pale ubaoni," akasema. "Shule ikikutwa na taa moja ya uongo, taa zake zote zinafutwa kwa msimu huo. Zote. Hawachagui ipi ya kweli, ipi ya kitandani." Akaning'iniza miguu. "Na nafasi zinakwenda shule nyingine. Msimu ujao nitakuwa nimepita umri wao."

Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Minara ilionekana yote. Nilijua, kama kila mtu shuleni alivyojua, kwamba Atupele alikuwa akiitazama minara ile tangu Kidato cha Kwanza. Alishawahi kuadhibiwa kwa kupanda paa la kanisa. Alipoulizwa alifuata nini huko, alijibu kwamba hakufuata kitu, alitaka tu kuwa huko.

"Kwa hiyo unaniomba nini?" akauliza. "Sema kwa maneno. Usinizungushe."

"Nakuomba useme."

"Unaniomba nitoe yangu, ambayo ni ya kweli, kwa sababu nyie mlisikia baridi."

Ilikuwa hivyo. Nilijaribu kuipanga kwa namna nyingine, haikupangika.

"Lwitiko ataanguka," nikasema.

"Mwambie akatae."

"Amekataa kukataa."

"Basi wewe kataa wako. Kila mtu na mkono wake." Akarudi kwenye muwa. "Sisemi, Gidion. Naomba usiniulize tena."

Aliniita Gidion. Nikashuka.

*

Jumatatu ikaja na gari jeupe, na kwaya, na Mkuu wa Shule katika suti ambayo hutolewa kwa misiba mikubwa na wageni wakubwa. Aliyeshuka garini ni Injinia Semeni Mwakatobe, mama mfupi aliyevaa buti zenye matope. Matope yale yalinipa matumaini. Mtu anayefika kwenye sherehe na matope amekuja kwa jambo jingine.

Kuvua Shemeji ni ibada yetu. Mnasimama mbele ya mnara wa mazoezi, kwaya inaimba, Mkuu anawavua mmoja mmoja huku akitamka, "Mkono huu sasa ni wako." Alimvua Lwitiko. Alimvua Atupele. Akanivua mimi. Baridi iliniingia hadi mfupani. Kwaya ikapiga ubeti wa mwisho.

Nikainua mkono, ule ambao sasa ulikuwa wangu.

"Mama Injinia, naomba kupanda."

Mkuu akanitazama. Mwalimu Ngogo akafumba macho, nadhani alikuwa anamtafuta mbuzi akilini.

"Kupanda kufanya nini?" akauliza Mama Injinia.

"Kukuonyesha kiungo kimoja. Nyaya tatu. Kwa mkono wangu."

"Ratiba haina—" akaanza Mkuu.

"Mwache apande," akasema Mama Injinia. "Ndiyo kazi yenyewe."

Nikafunga mkanda, nikapanda. Sikuwahi kupanda bila Shemeji. Hata kushika bomba kulikuwa kugeni. Nikafika, nikafungua kisanduku, nikatoa nyaya. Huko chini shule nzima ilikuwa imenyamaza, na mimi, niliyezoea kusubiriwa hivyo kabla ya kila kichekesho, nilikuwa natafuta ncha ya waya. Nikamenya waya wa kwanza, ukakatika. Nikaangusha spana. Ilipiga bomba, ikapiga jingine, ikatua kwenye majani karibu na kiatu cha Mkuu.

Shule ikaangua kicheko.

Nilijua watacheka. Bado kiliniuma, kile kicheko. Kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupata, na sikuwa nimekitafuta.

"Huyo ni mchekeshaji wetu, Mama," Mkuu akaeleza kwa uchungu. "Tutamshughulikia."

"Simchekeshi mtu!" nikapiga kelele kutoka juu. "Sijui! Mama, sijui kitu! Muulize Lwitiko naye apande!"

Nikashuka. Mama Injinia alimgeukia Lwitiko, akamwonyesha mnara kwa kidevu. Lwitiko ni mpole, hajawahi kumkatalia mtu mzima. Alipanda kwa utaratibu, alikaa juu muda mrefu, akiwa ameshika waya katika mkono mmoja na koleo katika mwingine kama mtu aliyekabidhiwa watoto wasio wake. Kisha akashuka bila kugusa kitu. Watu walicheka tena, ila kidogo.

"Wamepanga," akasema Mkuu. "Wanalala kitanda kimoja, juu na chini. Wamepanga, Mama, nawajua."

Mama Injinia alimpa kisogo. Akamtazama Atupele.

"Binti. Wenzako hawa wanatania?"

Nilimtazama Atupele kwa sekunde moja, nikaacha, kwa sababu alikuwa ameniomba nisimuulize tena, na macho nayo huuliza. Nikatazama viatu vyangu. Nilisikia kwaya ikikohoa. Upepo ulikuwa unatoka milimani, na pamoja nao mlio wa mabawa ya ile minara, mdogo kama pumzi ya mtu aliyelala.

Angeweza kusema "ndiyo". Neno moja. Sisi wawili tungechapwa maneno, pengine tungerudishwa nyumbani, na yeye angeingia garini.

"Hawatanii, Mama," Atupele akasema. "Wanalala na hiyo soksi. Ina joto. Inahesabu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Ngogo alifumbua macho.

"Wangapi?"

"Bweni zima la wavulana."

"Na wasichana?"

"Sisi tunafungiwa." Akainua mkono wake. "Yangu ni ya kweli."

"Panda nione."

Akapanda kama mtu anayekwenda nyumbani. Alifungua kisanduku, akamenya waya wa kwanza, ganda likatoka zima, likaanguka likizunguka. Akashika wa pili, akaanza kuuingiza mahali pake. Akasimama. Nilimwona akiinamisha kichwa. Alikuwa ameanza na waya wa moto kabla ya waya wa ardhi, kosa ambalo huko juu kwenye mitambo ya kweli halikupi nafasi ya kusikitika. Akauchomoa. Akalegeza kila kitu alichokuwa amekifunga, akakipanga upya magotini, akaanza tena mwanzo, na waya wa ardhi. Ilimchukua muda. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa baridi. Mwishowe akafunga kisanduku, akashuka, akasimama mbele ya Mama Injinia.

"Ulikosea," akasema Mama Injinia.

"Ndiyo, Mama."

"Ukajua peke yako."

"Ndiyo, Mama."

"Hicho kifaa chenu hakijawahi kukosea tangu kitengenezwe. Kwa hiyo hakiwezi kumfundisha mtu kurudi." Alisema hivyo polepole, zaidi kwake mwenyewe, akitazama soksi tatu zilizolazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. "Nimezika fundi mmoja mwaka juzi. Alikuwa na taa ya kijani. Mrefu, mchangamfu. Sikuwahi kuelewa." Akageuka kwa Mkuu. "Alitoka shule yenye baridi kama hii."

Mkuu akatafuta kiti.

"Basi mchukue huyu binti," akasema Mwalimu Ngogo. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umemwona kwa macho yako."

"Nimemwona. Na sharti la kufuta niliandika mimi mwenyewe, Mwalimu, baada ya yale mazishi. Nikianza kusema huyu ndiyo, yule hapana, kila shule itakuwa na mmoja wa kuniombea." Akamtazama Atupele moja kwa moja, na kwa jambo hilo nilimheshimu. "Ungenyamaza ungekuwa umekaa garini saa hizi."

"Najua, Mama."

"Nitapeleka maneno yako mezani kwa wakubwa wa kampuni. Siahidi kitu."

"Usiahidi," akasema Atupele.

*

Gari liliondoka tupu. Kwaya haikujua kama ina wimbo wa jambo hilo, ikatawanyika. Jioni hiyohiyo Matroni alikabidhiwa ufunguo wa kabati la wavulana, na nikaelezwa na watu mbalimbali, kwa lugha mbalimbali, watakavyonifanya mwezi wa saba. Lwitiko peke yake hakuwa miongoni mwao. Alikaa kitandani, akamwandikia mama yake ujumbe, akaufuta, akauandika tena. Hatimaye akaniuliza kama neno "bado" linatosha. Nikasema linatosha kuanzia.

Nikaenda nyuma ya karakana. Nilikuwa nimeandaa pole ndefu, yenye utangulizi.

Atupele alikuwa anafunga mkanda.

"Atupele," nikasema, "nimekuja—"

"Shika kamba."

"Nataka kusema—"

"Ile nati ya waya wa tatu sikuikaza. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nikafunga kisanduku juu yake hivyohivyo." Akavuta mkanda kuujaribu. "Mama Injinia hakuiona."

"Ni mnara wa mazoezi. Hakuna umeme mle ndani."

"Najua."

"Na gari limeshaondoka. Nani atakagua?"

Alikuwa tayari ameshika bomba la kwanza. Alisimama hapo kidogo, mgongo wake kwangu, na nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili nilikuwa nimevistahili.

"Shika kamba vizuri," akasema. "Usiilegeze mpaka nikuambie."

Nikaizungusha kamba kiunoni, nikaishika kwa mikono yote miwili, nikatazama juu.